Alfani na Shimo Lililopumua

Miaka ile ya hamsini, watu wa Diani walikuwa na namna yao ya kusema kwamba kitu kimechelewa. Walisema, "Kimepitia kwa Alfani." Samaki wakifika wameanza kunuka, wamepitia kwa Alfani. Basi la Msambweni likikawia, limepitia kwa Alfani. Mwenyewe akisikia alicheka pamoja nao, kisha akauliza hilo basi lilikuwa na nini hasa, ni gurudumu au ni injini, na aliyelitengeneza alilitengeneza vipi. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake wote.

Alfani alikuwa mkwezi wa minazi, mtu mwembamba wa miguu mipana, na kwa kukwea hakuwa na mwenzake kutoka Tiwi hadi Galu. Alipanda mnazi huku akizungumza na aliye chini, na sauti haikubadilika hata kidogo. Taabu ilikuwa kumteremsha. Huko juu aliona mambo. Aliona mnana anavyosuka kiota kwa kuanzia kwenye kitanzi kimoja, aliona siafu wanavyopishana kwenye shina bila kugongana, na aliona mbali barabarani vumbi la gari, naye akataka kujua ni gari gani. Mwenye minazi alisimama chini akaita mpaka koo likamkauka. "Nakuja," Alfani alisema, na kwa kweli alikuwa na nia ya kuja.

Watu walidhani ni mvivu. Mimi sikubali. Mvivu hupenda kulala, na Alfani hakupenda kulala hata siku moja, kwa sababu usingizini hakuna cha kutazama. Alikuwa mzembe, na uzembe wake ulikuwa wa aina ya peke yake: kila jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa na haki zaidi ya lile lililomngoja mbele kidogo. Baiskeli yake mpya aliiegemeza ukutani kivukoni Likoni ili aangalie meli kubwa inavyogeuzwa na vimashua vidogo, na alipogeuka, ukuta ulikuwa peke yake. Saa ya ukutani aliyoinunua Msambweni aliifungua siku ile ile aone ni nani anayesema humo ndani, na vyuma vyake vikabaki kwenye sinia miaka na miaka, vikipigwa vumbi. Hata kazi nzuri ya mshahara ilimfika. Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za wageni pwani alimwandika awe anaangusha nazi mapema zisije zikawaangukia wageni kichwani. Siku za mwanzo tu, nazi ilianguka juu ya gari la mgeni, ikalibonyeza. Alfani alikutwa nyuma ya jiko, amechuchumaa mbele ya mashine ya umeme, akihesabu inavyokohoa.

Aliyempenda kwa hali yake hiyo alikuwa mjomba wake, Mzee Matano wa Kinondo, ndugu wa mama yake. Mzee huyo alimlea yeye na dada yake mdogo, Mwanapili, baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemfundisha kukwea. Mjomba mwenyewe alikuwa mtu wa kupenda kujua. Kila Alfani alipokwenda kumwamkia, swali la mzee halikuwa habari za nyumbani wala za afya. Lilikuwa, "Umeona nini njiani?" Kisha wangekaa, mmoja akisimulia na mwingine akidadisi, mpaka Mwanapili aje kuwaambia chakula kimepoa.

Na kwa udadisi huo huo Alfani aliwahi kuliokoa shamba la mjomba. Lilikuwa shamba zuri la minazi, refu, lililoteremka kutoka kwenye nyumba mpaka karibu na bahari. Mwaka mmoja aliona juu kabisa, kwenye kuti changa, tundu dogo ambalo mkwezi mwingine angelipita. Yeye akaingiza kidole, akakaa nalo, akachokoa, akamtoa chonga, yule mdudu mweusi anayetoboa moyo wa mnazi mpaka ufe. Alipanda minazi yote, mmoja baada ya mwingine, akichokoa. Mashamba ya jirani yalikufa. La Mzee Matano likasimama.

Sasa mzee alikuwa amezeeka, kifua kinambana, na watoto wake wote aliwazika wakiwa wadogo. Kwa desturi ya Wadigo wa zamani, mali ya mtu ilikwenda kwa mtoto wa dada yake, hapana maneno. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Siku hizo mali ya aliyekufa iligawanywa kwa sheria ya dini, na kwa sheria ya dini aliyekuwa wa kwanza kwenye shamba lile ni Mbwana, ndugu wa mzee kwa baba, aliyekuwa akikaa Mombasa. Mbwana hakujua hata mnazi unakwewa upande gani. Tayari alikuwa amekwisha kuzungumza na watu waliotaka viwanja vya pwani, na kila mtu Kinondo alijua.

Njia ilikuwa moja. Mzee angempa Alfani shamba lile kwa hiba, yaani zawadi, angali hai na akili zake timamu. Lakini hiba haitimii kwa maneno ya mtoaji peke yake. Anayepewa huwa hapo, husema amekubali, na hukabidhiwa kitu chenyewe mbele ya mashahidi. Kwa hiyo mzee aliwaita wazee wenzake, akachagua siku, akamtuma mtu Diani.

Aliyetumwa ni Salimu, mchuuzi wa samaki mwenye baiskeli. Alimkuta Alfani Ukunda, kando ya barabara kuu, mahali ambapo katapila ya serikali ilikuwa ikisawazisha njia. Ilikuwa mashine ya kwanza ya aina ile kufika huko, na Alfani alikuwa amesimama karibu nayo kiasi cha kuogofya, ameinama, akitazama jinsi minyororo yake inavyojilaza chini na kujiokota. Mngurumo ulikuwa mkubwa. Salimu aliita kutoka ng'ambo ya mtaro.

"Mjomba wako anakuita! Wazee watakaa kwa ajili ya lile shamba!"

"Lini?"

"Jumwa! Usikose!"

"Nimesikia!"

"Umesikia?"

"Nimesikia, bwana!"

Hakusikia. Tuseme alisikia nusu, na nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Yapasa nieleze hapa, kwa walio mbali na Kwale. Wadigo walikuwa na wiki mbili. Moja ni hii ya Waislamu wote, yenye siku saba na Ijumaa yake. Nyingine ni ya wazee wao, yenye siku nne tu, na siku yake moja inaitwa Jumwa, siku ambayo jembe halishikwi. Siku isiyolimwa ndiyo siku ya kukusanya wazee, kwa sababu wote wako nyumbani. Vijana wa pwani walikuwa wameanza kuisahau hesabu hiyo, wakiwaachia mama zao. Alfani, macho yake kwenye minyororo ya katapila, alipokea sauti ya Salimu ikiwa imesagwasagwa, akatoka nayo "Ijumaa". Kama angevuka mtaro ule tu akauliza mara ya pili, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini katapila ilikuwa inageuka, naye alitaka kuona inageukaje wakati haina usukani.

Ijumaa aliamka mapema, akaoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, akashika njia ya Kinondo. Siku hiyo, niwe mkweli, hakusimama popote. Alimkuta mjomba akitoka kujitayarisha kwa sala.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umependeza sana," Mzee Matano alisema. "Unakwenda harusini?"

Alfani alitazama ua. Hapakuwa na mkeka, hapakuwa na mzee. Mwanapili, aliyekuwa ameolewa jirani na akija kila siku kumtazama mjomba, alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akaelewa kabla ya wote.

"Kaka," alisema taratibu, "ilikuwa Jumwa. Juzi. Wamekuja, wamekaa, wamekula, wameondoka."

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Mwanapili akamkalisha akampa maji. "Jumwa na Ijumaa," alisema akifuta macho. "Na mimi nilipewa jina la siku, Matano, afadhali sikuitwa Jumaa, ungenipoteza hata mimi." Kisha uso wake ukatulia. Alimshika Alfani kiganja, na kiganja cha mzee kilikuwa kikavu na chepesi mno.

"Nitawaita tena. Siku ile ile, Jumwa, siyo hii inayokuja, ile ya pili yake, ili wasione ninawasukuma. Lakini sikiliza, mjomba. Wazee hawaitwi mara tatu kwa shauri moja. Wakiitwa mara tatu, aliyewaita ndiye anayeonekana hana haya. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Sema nilivyosema."

Alfani alisema, neno kwa neno. Alikuwa ameona haya, na haya hiyo ilimkaa kifuani njia nzima ya kurudi. Aliapa moyoni kwamba safari hii hata katapila ikipaa angani hatageuza shingo. Jirani yake Diani alikuwa bibi mmoja, Mbeyu, aliyeishi kwa hesabu ya zamani na hakujua wala hakujali kama leo ni Jumanne au Alhamisi. Kila asubuhi Alfani alikwenda kumwamkia na kumwuliza leo ni siku gani. Bibi Mbeyu alimjibu kwa subira mpaka subira ikaisha. Asubuhi moja yeye mwenyewe akaja kugonga mlango wa Alfani.

"Leo ndiyo Jumwa. Ondoka, uniache nipumzike."

Akaondoka. Jua lilikuwa bado la chini na umande ulikuwa kwenye nyasi. Alipita njia ya ndani, kando ya mashamba, kwa makusudi, ili asikutane na magari wala mashine. Hakuna mtu aliyepata kujitahidi zaidi ya hapo. Alifika Galu, na kutoka Galu hadi nyumbani kwa mjomba ni mwendo wa kutembea huku ukitafuna kipande cha muhogo. Wazee hata wangekuwa hawajamaliza kusalimiana.

Hapo Galu, kwenye uwanja wa mtu mmoja, alimwona Mramba. Mramba alikuwa Mduruma kutoka bara, mchimbaji visima, mtu mkubwa wa mabega, na alikuwa amekaa mbali na kisima alichokuwa akikichimba, miguu ameikunja, kama aliyefukuzwa kwake.

"Vipi, ndugu yangu, kazi imekwisha?" Alfani aliuliza akipita. Akipita, maana miguu yake bado ilikuwa inakwenda.

"Haijaisha. Sishuki tena mimi. Linapumua."

Miguu ikasimama.

"Nini kinapumua?"

"Shimo."

Basi nani angepita? Ninauliza kweli. Yako maneno ambayo hata mtu makini angegeuza kichwa, na hilo ni moja. Alfani alijiambia atachungulia tu, kama mtu anavyochungulia chungu cha jirani kwa adabu, halafu aende zake. Alisogea. Kisima kilikuwa kimepasuliwa kwenye jiwe la matumbawe, na chini, si mbali sana, mtaimbo wa Mramba ulikuwa umetoboa tundu jeusi la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kutoka kwenye tundu lile upepo ulitoka. Haukuwa upepo wa juu unaozunguka. Ulitoka chini, wa baridi, una harufu ya chumvi na ya mahali ambapo jua halijafika, na ulikuja kwa mfululizo mrefu usiokatika. Alfani aliinamisha uso, kofia yake ikainuka nywele zikabaki wazi.

"Ni mwenyewe wa mahali anatoa hasira," Mramba alisema kutoka kule alikokaa. "Nimekwisha kumwambia mwenye kiwanja alete mtu wa kusoma dua."

Alfani alichuma jani la mkorosho, akaliachia juu ya tundu. Jani halikushuka. Lilipanda, likachezacheza mbele ya macho yake, likatupwa nje ya kisima. Akaachia jingine, likafanya vile vile. Na hapo fikra ikamjia, nzuri, nyepesi, ikamshika kama alivyozoea kushikwa. Aliangalia upande wa bahari. Maji yalikuwa yanajaa. Ikiwa chini ya jiwe lile palikuwa na pango lililofika baharini, basi maji yanayojaa yalikuwa yanaingia na kuusukuma upepo nje. Na kama ni hivyo, maji yakianza kupwa, je?

"Litavuta," alisema peke yake.

"Nini?"

"Maji yakianza kutoka, litavuta pumzi. Utaona. Siyo shetani, ndugu yangu, ni bahari."

Mramba alimtazama kanzu yake safi. "Wewe si ulikuwa unakwenda mahali?"

"Nakwenda. Sasa hivi."

Lakini fikra ile haikuwa imethibitishwa, na fikra isiyothibitishwa ilimwasha Alfani kuliko njaa. Alidhani maji yamebakiza kidogo tu kujaa. Alijiambia wazee kwanza watanywa kahawa. Baadaye jua lilipopanda alijiambia watakuwa wameanza na habari za mvua, maana wazee hawakimbilii shauri. Adhana ya adhuhuri ilipotoka upande wa Kinondo, alijiambia sasa wanasali, na baada ya sala watakula, na hakuna mtu anayeondoka kabla ya kula, kwa hiyo akifika wakati wanaosha mikono atakuwa amefika. Kila sababu peke yake ilikuwa na akili. Alizipanga vizuri, akazikalia.

Upepo wa shimo ulilegea. Jani likaachiwa, likasita hewani, likashuka polepole likatua kando ya tundu. Hapakuwa na pumzi ya kutoka wala ya kuingia. Mramba naye alikuwa amekwisha kusogea, amesahau kuogopa, wote wawili wamelala kifudifudi ukingoni. Walingoja. Kisha Alfani akaachia jani jingine, nalo lilipofika karibu na tundu liligeuka lenyewe, likanyooka, likanyonywa ndani, likapotea.

Mramba alipiga yowe, akaanza kucheka. Alfani hakucheka. Alikuwa na furaha ambayo haikuhitaji kicheko, furaha safi ya mtu aliyeiuliza dunia swali nayo ikamjibu. Nadhani kwa muda ule mfupi alikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote pwani ile. Halafu akageuza macho, akaona kivuli cha mkorosho kimelala upande wa pili.

Alikimbia. Kanzu aliikusanya mkononi, kofia ikabaki Galu. Karibu na nyumba ya mjomba alikutana na wazee njiani, wanarudi makwao, mmoja nyuma ya mwingine. Aliwaamkia akihema. Kila mmoja aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole, akampisha njia. Hakuna aliyemtania. Hakuna aliyemwambia amepitia kwa nani. Hapo ndipo moyo wake uliposhuka, maana watu hawa walimtania tangu alipokuwa hajatahiriwa.

Mzee Matano alikuwa amelala kitandani kibarazani, mto mgongoni.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa." Mzee alimwangalia magoti yaliyojaa vumbi jeupe la matumbawe, na kichwa kitupu. "Umeona nini njiani?"

Alfani hakutaka kusema, lakini swali lilikuwa lile lile la siku zote, na limeulizwa kwa sauti ile ile. Alianza kwa aibu, kwa maneno mafupi. Mzee akauliza jani lilikuwa la nini. Akauliza kama upepo ulikuwa na harufu. Alipofika mahali pale upepo uliposita, mzee aliinuka kwenye mto. "Halafu?" alisema. Alfani akamweleza lilivyonyonywa. Mzee alifumba macho, akatabasamu, na kwa kitambo walikuwa kama zamani, mtu na mjomba wake, na Alfani akapata tumaini kwamba hakuna kilichoharibika.

"Kwa hiyo ni bahari," mzee alisema. "Tulipokuwa watoto tuliambiwa Galu pana mtu amelala chini. Leo nimejua." Alifumbua macho. "Kutoka hapo hadi hapa ni mbali?"

"Si mbali, mjomba."

"Ungekuja kwanza. Ungesema neno moja tu, nimekubali, halafu ukarudi ukalale kwenye shimo lako mwezi mzima, na mimi ningeletewa habari nikifurahi. Shimo lisingehama, Alfani."

Alfani alitaka kujieleza. Sababu zile zote alizokuwa amezipanga Galu hazikuwapo tena, hata moja.

"Shamba nimempa dada yako. Tulimngoja aliyeitwa, hakuja. Nikamwita aliyekuwapo."

Mwanapili alikuwa jikoni, anasugua sufuria kwa mchanga na machozi yanamtoka. Alipomwona kaka yake hakujificha. "Niliwachelewesha," alisema. "Wali ulikuwa umeiva, nikawaambia bado. Nimewapelekea kahawa mara ngapi sijui. Nilitoka mpaka njiani kukutazama. Kisha mjomba akaniita, mikono yangu ina tui, akaniambia niseme nimekubali. Ningenyamaza, lingekwenda kwa Mbwana."

"Umefanya vizuri," Alfani alisema, na alisema kweli. Kisha, kwa sababu alikuwa yeye, akaongeza, "Mambo yakitulia utanirudishia."

Dada yake aliacha kusugua. Alimpenda kaka huyu kuliko mtu yeyote aliye hai, na hasira iliyompanda ilitoka humo humo.

"Sikurudishii. Leo nikikupa, kesho litakuja jambo la kutazama, na Mbwana atakukuta unalitazama, utatia kidole gumba bila kuuliza karatasi ya nini. Shamba si baiskeli, kaka."

Alfani aliondoka bila kuaga. Alikasirika njia nzima, akamkasirikia Mwanapili, akamkasirikia Salimu na sauti yake, akamkasirikia hata Mramba kwa kukaa njiani. Alipita Galu hakugeuka. Usiku hasira ikaisha, kikabaki kitu kibaya zaidi, maana sasa alijua kosa ni la nani.

Mzee Matano alifariki kabla ya masika. Mbwana alikuja kutoka Mombasa na mpima viwanja, akaelezwa, akawataka mashahidi, mashahidi wakaja wote. Alikwenda hata kwa kadhi, akarudi mikono mitupu. Minazi ikabaki imesimama.

Zilipokomaa nazi, Mwanapili alimwita Alfani aje aangue. Angeweza kumwita mwingine, lakini hakuna mwingine aliyeijua minazi ile, na yeye hakutaka kuonana na kaka yake kwenye mazishi tu. Alfani alifika asubuhi na mapema, kabla Mwanapili hajamaliza kufagia. Alipanda, akaangua, akateremka, akahamia mnazi mwingine, wala hakukawia juu ya hata mmoja. Mwanapili alikusanya nazi chini, akimtazama kwa jicho la pembeni. Hakuwa amemzoea ndugu wa namna hii, na ukimya wake ulimtia wasiwasi.

Jua lilipokuwa kali Alfani aliteremka na dafu mkononi, jasho linamtiririka. Tangu utotoni kwenye shamba lile alikunywa madafu alivyotaka, huko huko juu mara nyingine, akitupa makumbi chini bila kutazama. Mtoto wa nyumba haombi. Anayeomba ni mkwezi wa kukodiwa, naye huomba akiwa amesimama, panga likiwa bado kwenye ala.

Alisimama mbele ya dada yake.

"Nifungue?" aliuliza.

Mwanapili aliyaacha makuti aliyokuwa ameyashika. Aliumia kiasi kwamba alikaribia kumgombeza.

"Fungua, kaka. Kwani ni la nani?"

Alikuwa amelisema kama watu wanavyosema kila siku, bila kulifikiria, na lilipokwisha kutoka wote wawili walilisikia. Alfani alichomoa panga, akalikata dafu juu taratibu, akalishika kwa mikono miwili, akampa yeye anywe kwanza.